Nani atapanda ambulansi usiku huu?

Bei ya mafuta ya ambulansi tunaijua sote. Hakuna kikundi chetu ambacho hakijachanga, mama akishikwa na uchungu usiku na tituleri wa kituo akisema lazima apelekwe hospitali kubwa. Tunajua kutafuta litri tano za mafuta, tunajua kuamsha jirani mwenye simu yenye moto. Lakini ni mara chache tunauliza juu ya wale wawili wanaoketi ndani ya gari: wameanza kazi tangu lini, na nani anawalipa?

Katika nchi kama Ufaransa au Marekani kuna watu waliosomea kazi ya ambulansi, na hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Huku kwetu, mahali pengi, ambulansi ni dereva mmoja na muuguzi mmoja. Na muuguzi huyo hakuwa anangojea gari. Alikuwa zamu ndani ya chumba cha kuzalisha. Akipanda nyuma na mgonjwa, wale wamama wengine wawili au watatu waliolala pale wanabaki na mwenzake mmoja, au na mfanyakazi wa usafi, mpaka gari irudi. Ikiwa ni wakati wa mvua na barabara imekatika, gari inaweza kurudi asubuhi. Kwa hiyo kila safari ya ambulansi ina wagonjwa wa aina mbili: yule anayebebwa, na wale walioachwa. Wa pili hawa hatuwahesabu.

Tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofanya siku ya likelemba. Juma moja lina masaa 168. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba kwa kawaida mtu asipite masaa 45 kwa juma, wala masaa 9 kwa siku. Gawanya 168 kwa 45: utaona kwamba kiti kimoja cha dereva, kisipobaki wazi usiku na mchana, kinaomba karibu watu 4. Kiti cha muuguzi vilevile. Sasa uliza kituo chako kina madereva wangapi. Wakiwa 2, kila mmoja anabeba masaa 84. Akiwa 1, basi hana zamu tena. Simu yake ndiyo zamu, hata akiwa mezani anakula bukari na watoto wake.

Kuna wale wanaofanya siku nzima, asubuhi mpaka asubuhi, kisha wanapumzika siku mbili. Watu husema hiyo ni kazi nzuri, siku moja tu kwa tatu! Hesabu tena: ni masaa 56 kwa juma, na hapo hatujaweka siku ambayo mwenzake ni mgonjwa au amefiwa.

Mwenzetu mmoja katika chama ameolewa na dereva wa ambulansi. Hatutaji jina lake wala hospitali. Alitueleza kwamba mume wake akitoka zamu halali. Anachukua pikipiki ya ndugu yake na kutafuta wateja mpaka jioni, kwa sababu pesa ya ambulansi haitoshi hata kodi ya nyumba. Kisha anarudi kwenye usukani. Yeye kama mke anaogopa kila simu ya usiku. Sisi tuliosikia tuliogopa pia, maana ni mikono hiyohiyo itakayobeba mabinti zetu.

Juu ya mshahara, wengi wetu tunafikiri kila anayevaa blouse nyeupe analipwa na Leta. Si hivyo. Katika kituo kimoja utakuta muuguzi mwenye namba ya matrikule anayepata mshahara na primu ya hatari. Karibu naye yuko mwingine mwenye namba hiyohiyo ya Leta lakini anapata primu tu, mshahara hajauona. Na wa tatu hana namba wala primu ya Leta. Amefanya kazi miaka, naye anaishi kwa primu ya kituo peke yake. Primu ya kituo ni nini? Ni sehemu ya pesa tunazolipa sisi kwa fishi, kwa dawa, kwa kuzaa, ambayo wanagawana mwisho wa mwezi. Mwezi ambao watu hawana pesa ya kujitibu, muuguzi naye analala njaa. Madereva wengi wako katika kundi hili la tatu.

Hapo ndipo matabishi yanapozaliwa. Hatuyatetei, na tunasema wazi: mama asiachwe mlangoni kwa sababu hana franga za kumpa mtu mkononi. Lakini kumtukana yule aliye zamu hakuondoi shida. Mwezi ujao atakuwa palepale, na hasira zaidi.

Tangu Septemba 2023 Leta ilianzisha mpango wa kuzaa bila kulipa, ikianza Kinshasa. Tuliufurahia, na tunaufurahia bado. Ila tuone upande wa pili: mahali ambapo mama halipi, ni Leta inayopaswa kukilipa kituo. Pesa hiyo ikichelewa, primu ya kituo inapungua, na wa kwanza kuumia ni wale wasio na matrikule. Kisha tunashangaa kwamba wakati wa usiku hakuna mtu.

Wanaojua mambo ya uzazi husema mama anauawa na machelewo matatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akiisha kufika. La kwanza tumelifanyia kazi sana katika vikundi vyetu. La pili na la tatu yanategemea zamu na mshahara. Mama anayetokwa damu nyingi akiisha kuzaa anaweza kufa ndani ya masaa 2, na masaa hayo hayangojei dereva aamshwe.

Tusisahau kwamba wengi wa wauguzi na wazalishaji ni wamama kama sisi. Sheria ileile inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili kwa siku, nusu saa kila moja. Je, yule wa kituo chako anayapata usiku, akiwa peke yake na wagonjwa kumi? Katika kartie moja wamama wa kikundi walikubaliana kulala kwa zamu na mtoto wa mzalishaji wao. Ni msaada mzuri. Lakini kazi hiyo ni ya aliyemwajiri, na tusiache kumwambia.

Kila eneo la afya lina kamati ya maendeleo ya eneo la afya, CODESA, ambamo wakaaji wana viti. Viti hivyo mara nyingi vinakaliwa na wanaume, na sisi tunaletewa habari. Tunaomba kila kikundi kitume wamama wawili kwenye mkutano wa mwezi huu, wakiwa na daftari. Karatasi ya zamu huwa imebandikwa ukutani. Waisome, waandike madereva ni wangapi na usiku uliopita alikuwa nani. Waulize primu ya kituo iligawanywa namna gani, na dereva alipata ngapi. Waulize nani anabaki na wazazi wakati muuguzi anapanda gari. Majibu mtuletee kabla ya siku ya posho ya mwisho wa mwezi, hata yakiwa mistari mitatu, tuyaunganishe na kuyapeleka kwa mganga mkuu wa zoni.