Wakati wa Kubadili Bima ya Motokaa

Wazee husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Maneno haya yawafaa sana wenye motokaa siku zile mwaka wa bima unapokaribia kwisha, na mawakala wanapokuja na bei za chini kila mmoja na yake. Lakini mbacha uliooza nao haulaliki. Basi ni vema kila mwenye gari, lori au pikipiki ajue ni mambo gani yampasayo kubadili bima yake, na ni mambo gani yasiyompasa kuhangaika.

Kwanza yafaa kukumbuka kazi ya bima. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimu mwenye chombo cha moto kitembeacho barabarani kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine wakiuawa au wakiumizwa na chombo hicho. Ukomo wa dhamana hiyo ni Shs. 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Bima hii ya lazima haimlipi mwenye gari hata senti moja kwa hasara ya gari lake mwenyewe. Atakaye kulipwa gari likigongwa, likiungua au likiibwa, hana budi kukata bima kamili, nayo bei yake ni kubwa zaidi.

KAZI YA GARI IKIBADILIKA

Sababu iliyo kubwa kupita zote ya kubadili mkataba ni kubadilika kwa kazi ya gari. Mji wa Lokichoggio watoa mfano mzuri. Tangu mwaka 1989, msaada wa Umoja wa Mataifa kwa watu wa Sudan ya Kusini ulipoanza, mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha ndege na magari ya mashirika. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005 mashirika mengi yalihamia Juba, na kazi nyingi zikaondoka pamoja nayo.

Tuseme mtu alikuwa na gari alilolikatia bima ya matumizi yake binafsi. Kazi yake ikaisha, naye akaanza kuchukua abiria kwa nauli kutoka Lokichoggio hadi Kakuma na Lodwar. Gari ni lile lile, na cheti hakijaisha muda wake, lakini mkataba haukusema habari za nauli. Siku ya ajali kampuni yaweza kukataa kulipa, na deni lote likamwangukia yeye. Mtu huyo hakupaswa kungoja mwisho wa mwaka. Alipaswa kuiarifu kampuni kabla ya kupakia abiria wa kwanza. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye pikipiki ya nyumbani anayeigeuza kuwa bodaboda.

Tena, avukaye mpaka wa Nadapal aangalie nchi ambazo mkataba wake wazitaja. Kadi ya Njano ya COMESA hupeleka dhamana ya bima katika nchi zilizokubaliana tu. Kwa hiyo asafiri baada ya kupata jibu la kampuni kwa maandishi, si kwa maneno ya mdomo.

THAMANI IKISHUKA

Sababu ya pili ni thamani. Gari lililonunuliwa kwa Shs. 1,000,000 huenda baada ya miaka michache likawa na thamani ya Shs. 600,000. Mwenye kuendelea kulilipia kwa ile thamani ya kwanza hupoteza fedha bure, kwa kuwa likiharibika kabisa kampuni hulipa bei ya soko ya siku ile. Kinyume chake nacho kina hatari. Mikataba mingine ina sharti kwamba gari la Shs. 1,000,000 likikatiwa bima ya Shs. 500,000, mwenyewe atalipwa nusu tu ya kila hasara. Gari likiwa kuukuu sana, mwenyewe apige hesabu: je, tofauti ya bei kati ya bima kamili na ile ya lazima yalingana na fedha atakazopata gari likipotea? Ikiwa hailingani, ni heri ile tofauti aiweke akiba.

KAMPUNI ISIYOLIPA

Sababu ya tatu ni kampuni yenyewe. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa serikali mwaka 2005, Blue Shield ikafuata mwaka 2011, na Invesco ikaanza kufungwa mwaka 2024. Zote tatu zilikuwa na wateja wengi miongoni mwa wenye matatu. Kampuni ikianguka, aliyeumizwa humgeukia mwenye gari. Mfuko wa kuwafidia wenye bima uliwekewa ukomo wa Shs. 250,000 kwa dai. Mahakama ikiamuru aliyeumia alipwe Shs. 2,000,000, ni dhahiri kwamba Shs. 1,750,000 zaweza kutafutwa katika mali ya mwenye gari: mifugo, kiwanja, hata gari lenyewe.

Kwa hiyo bei ya chini peke yake si sababu ya kuhama. Mamlaka ya Kusimamia Bima hutangaza kila mwaka majina ya kampuni zilizopewa leseni, na hutoa taarifa za madai yanayolipwa. Mtu asome hayo, kisha awaulize madereva wenzake waliopata ajali walilipwa baada ya muda gani. Kampuni inayowaacha wateja wake wakiletewa barua za mawakili, huku yenyewe kimya, ni ya kuhamwa hata kama bei yake ni nafuu.

MASWALI YA TURKANA

Mwenye gari wa Turkana ana maswali yake zaidi. Gari likiharibika karibu na Lokichoggio, ni fedha kiasi gani kampuni italipa kulivuta hadi gereji, ikiwa gereji hiyo iko Kitale? Je, mkataba watia ndani mafuriko ya mito mikavu ijaayo ghafula? Na mashambulio ya majambazi, kama yale yaliyotokea katika njia ya Kainuk? Kampuni mbili zikitoza bei moja, ile yenye majibu mazuri kwa maswali haya ndiyo bora.

JINSI YA KUHAMA

Mwenye kuamua kuhama na afanye hivi. Angoje mwisho wa mkataba, isipokuwa kazi ya gari imebadilika au kampuni inatia shaka. Kwani avunjaye mkataba katikati ya mwaka aghalabu hurudishiwa fedha pungufu. Aombe barua ya kuthibitisha kwamba hakudai chochote, ili apate punguzo kwa kampuni mpya. Aseme kweli juu ya ajali zake za zamani. Alipe kabla, kwa sababu sheria haiiruhusu kampuni kubeba dhamana kabla ya kupokea malipo. Tena ahakikishe bima mpya yaanza saa ile ile ya zamani inapokwisha. Siku moja ya pengo yatosha kumfilisi mtu.

Mwisho, asizitupe karatasi za zamani. Aliyeumia ana miaka 3 ya kufungua mashtaka, na atakayelipa ni kampuni iliyokuwa na dhamana siku ya ajali, si ile mpya. Mwenye kuzitunza karatasi hizo pamoja na kitabu cha gari atakuwa na la kujibu siku atakapoitwa mahakamani.