Goti la mutoto: usiseme «ni mupira» tu

Ndugu mufanyakazi, kijana wako akilalamika goti, usiseme mara moja: «Ni mupira.» Teke halileti kanseri ya mufupa, mara nyingi linaonyesha tu ugonjwa uliokwisha kuanza.

Kanseri hiyo ni ya nadra. Inapenda mifupa inayokua mbio: karibu na goti, tena karibu na bega. Maumivu ya kukua hushika miguu yote miwili, asubuhi yanaisha. Haya yanabaki pahali pamoja, yanazidi usiku, kisha uvimbe.

Usikande, usichanje, usitafute mulozi. Ukikawia, ugonjwa utaingia mapafuni. Majuma mawili yakipita, mulete kwa dispanseri apigwe radio. Akiwahi, dawa na upasuaji vinaweza kumuponyesha, pengine hata kuokoa muguu.