Mwamba ngoma wa mabwawa yetu achungwe

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mhandisi. Hata hivyo, neno "sanifu" limenifanya niingilie mambo ya mabomba na mabwawa. Lugha sanifu ni ile iliyowekewa kanuni; nako kusanifu jengo ni kubuni umbo lake kabla ya kulijenga. Kotekote, kipimo hutangulia.

Zamani aghalabu mhandisi alichora mradi wa maji, kisha mwanakandarasi mwingine akaujenga. Siku hizi miradi mingi hukabidhi kazi zote mbili mkono mmoja. Mtindo huu una manufaa: uchimbaji waweza kuanza kabla ya michoro yote kukamilika, na hitilafu ikitokea, mchoraji na mjenzi hawatupiani lawama. Lakini wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Achoraye na kujenga mwenyewe hujipunguzia gharama kila aonapo mwanya.

Tutazame bwawa la Kimwarer, Elgeyo Marakwet. Kandarasi ya kulisanifu na kulijenga ilitiwa saini mwaka 2017. Mnamo Septemba 2019, Rais Uhuru Kenyatta aliufuta mradi huo, baada ya kamati ya wataalamu kubaini kuwa gharama yake ilikuwa imezidishwa na kwamba hapakuwa na upembuzi yakinifu wa karibuni. Uchunguzi wa pekee uliokuwapo, wa mradi kama huo, ulikuwa na umri wa miaka 28, nao ulikuwa umeonyesha ufa ardhini. Saini ilitangulia kipimo.

Kwa maoni yangu, mwenye mradi hana budi kuijua ardhi yake kabla ya kutangaza zabuni. Aidha, aseme anachokitaka kwa lugha isiyo na utata. "Maji safi ya kutosha" si sharti, ni dua. Sharti ni lita ngapi kwa siku, za ubora gani, na majitaka yatoke mtamboni yakiwa na uchafu usiozidi kiasi gani. Mhandisi asiyelipwa na mjenzi akague kazi, na malipo ya mwisho yasubiri mtambo ujaribiwe.

Walimu wenzangu, tunapomsahihisha mwanafunzi kwa sentensi yenye utata, tusidhani tunachezea maneno. Huenda kesho yeye ndiye atakayeiandika kandarasi ya maji yetu. Saini haikati kiu.