Floraiti, jiwe linalopanga kikomo cha floraidi majini

Je, wajua kwamba ukitaka kuelewa meno ya kahawia ya watu wengi wa Arusha, huna budi kulijua jiwe ambalo haliyeyuki kwa urahisi?

Floraiti ni kalisiamu na floraidi zilizoshikana, ayoni moja ya kalisiamu kwa mbili za floraidi. Kenya ililichimba kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio. Tia unga wake katika maji safi, koroga utakavyo, mwisho maji hushiba. Hapo hutawala kanuni moja: kiasi cha kalisiamu, kwa moli katika lita, kikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kiasi cha floraidi, jibu ni takriban 3.5 × 10⁻¹¹ kwenye nyuzijoto 25. Hilo ndilo zao la umumunyifu.

Kalisiamu ikiwa s, floraidi ni 2s, na zao ni 4s³. Gawanya kwa 4, toa kipeuo cha tatu: s ni kama 0.0002. Moli moja ya floraidi ni gramu 19, hivyo lita hubeba miligramu 7.8 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kanuni hii hulinda zao tu. Kalisiamu ikipungua, floraidi hupata nafasi ya kupanda. Na kuzunguka Mlima Meru hupungua kweli: miamba ya volkano ina sodiamu nyingi, maji yake yana magadi, na magadi huiangusha kalisiamu ikawa chokaa. Tuseme zimebaki miligramu 4 kwa lita, yaani moli 0.0001. Gawanya zao kwa hiyo 0.0001, toa kipeuo cha pili: floraidi yaweza kufika miligramu 11 kabla floraiti haijaanza kujitenga. Ikibaki miligramu 1 ya kalisiamu, floraidi yaweza kufika 22. Maji hayo ni laini, sabuni hutoa povu upesi, wala anayeyateka haoni dalili yoyote ya kumwonya. Mtoto anayeyanywa wakati meno yake yangali yakijengeka ndani ya ufizi huota meno yenye madoa. Maji hayo yakinywewa miaka mingi, hata mifupa huharibika.

Kwa nini basi tusiongeze kalisiamu? Geuza hesabu. Ili floraidi ishuke hadi 1.5, kalisiamu lazima ipite miligramu 220 kwa lita, nayo ni maji magumu kupindukia. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arumeru, kimeshughulikia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Apataiti iliyomo mfupani huinasa floraidi hata pale ilipo chini ya kikomo cha floraiti, na mkaa ukishashiba hubadilishwa.