Balbu ya katikati ya flashi: usinunue kwa kuangalia wati tu

Wadau wa studio, leo ni zamu yenu. Tuseme una fremu yako pale Busi, flashi mbili, softiboksi zake, kitambaa cha nyuma, na kazi inayokupa hela ya kila siku ni picha za paspoti: watoto wanaoandikishwa shule, fomu za mikopo ya vikundi, vitambulisho vya kazi. Siku moja ile balbu ndogo iliyo katikati ya flashi inaungua. Flashi yenyewe bado inapiga kama kawaida. Duka la vifaa vya umeme jirani lina balbu za kila aina. Unachukua ipi?

Kwanza tuelewane kazi ya hiyo balbu, maana wengi wanakosea hapa. Haipigi picha. Picha inapigwa na ule mrija wa kioo ulioizunguka, unaotoa mwanga mkali kwa kitambo kifupi mno. Balbu ya katikati, ambayo mafundi wanaiita modelingi, inawaka muda wote ili uone kivuli kitaangukia wapi kabla hujabonyeza, na kamera nayo ipate mwanga wa kufokasi. Basi. Anayetoa balbu ya wati 150 akaweka ya 250 ili "picha zing'ae" anaongeza joto tu, na softiboksi ya kitambaa cha bei nafuu haina mzaha na joto. Soketi ya plastiki nayo inaanza kulainika.

Kwa wateja wa upande wetu wa Kondoa, kivuli si jambo dogo. Mama amevaa hijabu iliyotokeza mbele kidogo, au mzee hataki kuvua kofia mpaka umbembeleze. Taa ikikaa juu sana, macho na mashavu yanaingia kivulini, na picha ya namna hiyo inaweza kukataliwa anakoipeleka. Kesho yake anarudi na picha mkononi, nauli ya bodaboda imemtoka, anataka upige upya bure. Karatasi yako, wino wako. Balbu inayowaka vizuri inakuonyesha kivuli hicho mapema, unashusha stendi kidogo, kazi imeisha. Na ukifanya kazi bila balbu kabisa kwenye fremu yenye giza, kamera inahangaika kutafuta fokasi, picha zinatoka na ukungu.

Sasa kuchagua. Kabla ya wati, angalia kitako. Flashi nyingi ndogo za studio zinatumia kitako cha kuzungusha cha E27, namba 27 ikiwa ni upana wake kwa milimita. Balbu zetu za nyumbani nyingi ni za pini mbili, B22, haziingii. Usije ukaunga adapta, kwa sababu inasukuma balbu mbele mpaka inatokeza nje ya mrija au inagusa kioo cha kinga. Halafu volti: umeme wetu ni 230, kwa hiyo balbu iwe imeandikwa 220 hadi 240. Ukiletewa flashi ya mtumba kutoka Marekani, usihangaike na balbu kwanza, soma kibandiko cha flashi yenyewe kama inakubali umeme wetu. Wati nazo zina kikomo kilichoandikwa kwenye kibandiko hichohicho au kwenye kitabu. Mfano Godox SK400II, balbu yake ni ya wati 150. Hapo 150 ndiyo mwisho.

Tukija kwenye aina, mabishano yapo kati ya halojeni na LED. Halojeni inatoa mwanga kutoka sehemu ndogo katikati, unasambaa pande zote, kwa hiyo kivuli unachokiona kinafanana sana na kitakachotokea kwenye picha. Pia inakubali kupunguzwa kwa kitufe cha flashi. Ubaya wake ni joto, rangi ya njano, na LUKU. Piga hesabu: balbu mbili za wati 150, saa 5 kwa siku, ni uniti 1.5. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 39. Kama fremu imeunganishwa na mita ya nyumbani iliyo kundi la D1, lile lisilotakiwa kuzidi uniti 75 kwa mwezi, balbu hizo peke yake zimekula zaidi ya nusu, bado hujawasha printa wala friji ya soda. LED mbili za wati 10, kwa saa zilezile, ni uniti 2.6.

Lakini LED nayo si ya kuokota tu. Zile zenye kichwa kinene zinaugusa mrija, na mrija ukigongwa ukapasuka umenunua hasara kubwa kuliko balbu. Chukua fupi na nyembamba, iingie katikati bila kugusa kitu. Nyingi zinamulika mbele tu, hivyo pembe za softiboksi zinabaki na giza. Kwa paspoti haidhuru. Na kama flashi yako ina kitufe cha kupunguza mwanga wa balbu, LED ya kawaida itapepesa au kulia zzz; iache kwenye mwanga wote, au tafuta iliyoandikwa kwamba inapunguzwa.

Msimamo wetu: kwa studio ya paspoti, LED nyeupe inatosha na inabaki. Halojeni iweke akiba kwa siku ya picha za maharusi, pale unapotaka kuona mwanga unavyokaa usoni nukta kwa nukta. Zile za kuokoa umeme zenye mrija wa kujisokota achana nazo, ni ndefu, zinavunjika ovyo, na ndani zina zebaki.

Ukishafunga balbu, ijaribu hivi. Weka kamera kwenye 1/125, f/8, ISO 100, acha balbu iwake lakini zima kirimoti cha flashi, piga. Picha ikitoka nyeusi, balbu haiharibu kitu. Sura ikionekana, mwanga wa balbu unaingia kwenye picha, na kama ni halojeni ndiyo hiyo inayowapa wateja nyuso za manjano. Shusha ISO au funga lenzi zaidi, uongeze nguvu ya flashi.

Wakati wa kubadilisha: zima, chomoa waya ukutani, subiri dakika kumi na zaidi. Ndani ya flashi kuna kapasita inayotunza umeme wa mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa, kwa hiyo usiguse miguu ya mrija wala kuingiza bisibisi. Halojeni ya kioo kitupu ishike kwa kitambaa safi. Mafuta ya vidole yanaifanya iungue mapema.

Unaagiza Dodoma mjini au Kariakoo ije na basi? Mtumie muuzaji picha ya balbu ya zamani ikiwa imelazwa pembeni ya rula, kitako kikionekana, pamoja na picha ya kibandiko cha flashi. Agiza mbili kwa mpigo, nauli ya kifurushi ni ileile.