Mkutubi wa Watoto Hapikwi Hotelini

Barua zenyewe zinafanana. Shule imepata vitabu, au kata imepata chumba, au mfadhili ametengeneza rafu, akapaka ukuta rangi na kuchora twiga. Ombi hukaa mwishoni: tunaomba uje utuendeshee semina ya siku mbili ili mwalimu wetu awe mkutubi wa watoto. Nimeshapokea ya Magu, ya Sengerema na ya Buchosa. Hii ya sasa imetoka Nyamagana, kwa watu wanaoweza kwenda kwa miguu hadi Maktaba ya Mkoa wa Mwanza, wakaketi sehemu ya watoto na kutazama kazi inavyofanywa. Jibu langu ni hapana, na ninalitoa hadharani ili atakayeuliza tena awe ameshajibiwa.

Sisemi mafunzo hayahitajiki. Yanahitajika kuliko rafu, na kuliko twiga. Ninachokikataa ni imani iliyoota mizizi kwa wafadhili, kwenye halmashauri na hata kwa walimu wenyewe, kwamba mtu anaweza kuingia ukumbi wa hoteli Alhamisi akiwa mshika funguo, akatoka Ijumaa jioni akiwa mkutubi wa watoto.

Tuipitie hiyo semina, maana wengi wanaoiomba hawajawahi kuikaa hadi mwisho. Washiriki wanajiandikisha saa mbili na nusu. Mgeni rasmi anafika saa nne, sambamba na chai. Baada ya chai matarajio ya washiriki yanaandikwa kwenye bangokitita na kubandikwa ukutani, ambako hakuna atakayeyasoma tena. Mada ya kwanza ni dhana ya maktaba. Mada ya pili, na hapo ndipo huwa natamani kutoka nje, ni mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba. Melvil Dewey alichapisha mpangilio wake mwaka 1876, akifikiria maktaba ya Chuo cha Amherst huko Marekani, yenye maelfu ya vitabu vya wasomi. Shule ya Misungwi yenye kabati moja la vitabu vya hadithi haina tatizo la mpangilio. Sijakutana na mtoto wa darasa la pili aliyeshindwa kusoma kwa sababu kitabu cha Sungura na Fisi hakikuandikwa 398.2 mgongoni. Hata hivyo asubuhi nzima inaishia hapo, kwa kuwa namba zinafundishika kwa projekta na kuwasomea watoto hakufundishiki kwa projekta. Mwezeshaji anafundisha kile kinachoingia kwenye slaidi.

Mchana kuna kazi za vikundi. Kikundi cha kwanza kinaorodhesha changamoto: uhaba wa vitabu, uhaba wa fedha, mwamko mdogo wa jamii. Kikundi cha pili kinaorodhesha zilezile kwa mwandiko mzuri zaidi. Siku ya pili ni mpango kazi, vyeti, picha ya pamoja na posho.

Posho siitukani. Mwalimu aliyetoka Nansio kwa meli ana haki ya nauli, chakula na mahali pa kulala. Ila tuseme ukweli: posho ndiyo inayochagua mshiriki. Barua ya mwaliko ikisema “mwalimu wa maktaba”, anayekuja ni mwalimu mkuu msaidizi, au mwalimu wa taaluma, au yeyote ambaye zamu yake ya semina imefika. Yule mwalimu wa darasa la kwanza ambaye ndiye hasa hulifungua kabati mchana, vipindi vikiisha, anabaki shuleni kushika madarasa ya walioondoka. Aliyehudhuria akirudi, cheti kinaingia kwenye faili na vitini vinabaki kwenye mkoba. Akihamishwa, anahama navyo.

Sasa tuchukulie kwamba mambo yote yamekwenda sawa: mshiriki ndiye, mwezeshaji anaijua kazi, Dewey kaachwa Amherst. Bado haitoshi. Mkutubi wa watoto ni mtu anayeweza kushika kitabu ubavuni, picha zikaonekana na mtoto wa nyuma kabisa, huku yeye akiyasoma maandishi kwa pembe ya jicho. Anajua kunyamaza kidogo kabla ya kufunua ukurasa. Anajua kuuliza swali lisilonuka mtihani. Anamjua mvulana wa darasa la nne anayesoma kwa silabi na kuona aibu kuchukua kitabu chembamba mbele ya wenzake, basi anamtuma akamsomee mdogo wake nyumbani, na kitabu chembamba kinapata sababu ya kuchukuliwa bila fedheha. Anamruhusu mtoto kukiacha katikati kitabu kisichompendeza. Kitabu kikirudi kimelowa maji ya mtumbwi, anatambua kwamba huenda kilifunguliwa mwaloni wakati dagaa wakianikwa. Kikirudi kipya kama kilivyotoka, anaanza kuuliza. Hamkaripii wa kwanza akamsifu wa pili.

Ustadi wa namna hii hauingii kwa kusikiliza. Unaingia kwa kumtazama anayeuweza, kujaribu mbele ya watoto wa kweli, kukosea, kuambiwa na mwenzako ulipokosea, na kurudia wiki inayofuata. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa elimu wa Marekani, walilishughulikia jambo hili kwa walimu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walichosisitiza ni kwamba maelezo ya ukumbini, hata yakifuatwa na maonyesho, huacha kidogo sana darasani mpaka mwalimu apate mtu wa kumtazama na kumwelekeza akiwa kazini. Na wala hatuhitaji kwenda Marekani. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, imejengwa juu ya wazo hilohilo: walimu wanakutana shuleni kwao kwenye jumuiya za ujifunzaji, na wale wa shule jirani wanakutana kwenye vituo vya walimu. Kwenye masomo kama hisabati tumeelewa. Likija suala la maktaba tunarudi hotelini.

Huwa naambiwa kwamba semina ni heri kuliko kukosa kabisa. Si heri. Aliyekosa kabisa anajua amekosa, na anaendelea kuuliza. Aliyepewa cheti ameshafungiwa mlango, kwani siku akisema kazi inamshinda ataambiwa, si ulishasomeshwa wewe? Mfadhili naye ameandika kwenye ripoti kwamba wakutubi wamejengewa uwezo. Fungu limekwisha, mradi umefungwa, na anayekuja baada yake anaambiwa eneo hilo tayari limefikiwa.

Usomi wa fani yenyewe ni habari nyingine, nisieleweke vibaya. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Bodi hiyo ina chuo chake Bagamoyo, SLADS, kinachotoa astashahada na stashahada ya ukutubi. Anayeweza kwenda aende, na halmashauri inayoweza kumlipia imlipie. Lakini kutoka hapa Mwanza hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,000, na wengi wanaobeba maktaba za watoto kandokando ya Ziwa Victoria hawakuajiriwa kama wakutubi. Ni walimu wenye vipindi tele, vijana wa kujitolea, sista wa parokia, mama aliyepewa ufunguo kwa kuwa anaishi karibu. Hao ndio wanaopangiwa siku mbili za ukumbini na kuachwa peke yao mwaka mzima.

Tena kuna jambo ambalo mwezeshaji mgeni hawezi kulileta kwenye begi. Mtoto wa kijijini Kwimba anaanza darasa la kwanza akiwa na Kisukuma mdomoni. Wa Ukerewe ana Kikerewe au Kijita. Kiswahili cha vitabuni hukutana nacho siku ileile anapokutana na herufi, na tunashangaa akikwama. Mtu wa hapa anajua pa kuanzia. Watoto wengi wa Kisukuma wenye bibi nyumbani wamesikia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote akabaki mama mmoja mjamzito, na za mwanawe Masala Kulangwa aliyelisaka akaliua, akalipasua tumbo na watu wakatoka wakiwa hai. Isipokuwa kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja, ambaye badala ya kushukuru alishika kinyongo. Isimulie kwa Kisukuma kwanza. Waache watoto wabishane juu ya sikio la bibi, maana watabishana. Kisha ihamishieni kwenye Kiswahili pamoja, kila mtoto mistari miwili na mchoro, mshone kurasa kwa uzi. Mmepata kitabu ambacho hata mwenye kusoma kwa silabi atakimaliza, kwa sababu anajua kinachofuata. Mwalimu asiyeyajua masimulizi haya aende Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, au amwite bibi wa mtoto yeyote.

Na Ukerewe je? Kisiwa hicho kimemtoa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuiandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kimemtoa pia Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kijiji cha Namagondo mwaka 1944. Vitabu vyao si vya watoto, na Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi, usimpe mtoto wa darasa la tatu, tafadhali. Lakini mtoto wa Nansio anayeambiwa kwamba mtu wa kwao alikaa na kuandika kitabu hadi kikachapwa ameshapata sababu ya kukichukulia kitabu kuwa kazi ya watu. Katika semina zote nilizoalikwa huku ziwani, majina hayo mawili sijayasikia ukumbini hata mara moja. La Dewey nimelisikia hadi nimelichoka.

Basi, cha kufanya. Walezi wa maktaba watano au sita walio jirani wachague Jumamosi moja kila mwezi, wazunguke shule kwa shule. Watoto wawepo, bila watoto hicho ni kikao tu. Mmoja awasomee, wengine watazame, na kila mtazamaji aseme jambo moja lililofaa na moja la kurekebisha, basi. Kabla ya kuondoka mbadilishane masanduku ya vitabu, maana vitabu vichache vinavyozunguka huonekana vipya kila vinapofika. Kila muhula mwalikeni mkutubi wa Maktaba ya Mkoa, na mwambieni aje na vitabu, slaidi aziache. Afisa elimu kata aombwe kuingiza usomaji wa sauti kwenye vipindi vya MEWAKA. Kundi la WhatsApp liwe la kutumiana sauti za mtu akisoma, maua ya asubuhi yapelekwe kwingine. Hadithi za Kiswahili za African Storybook ni za bure na leseni yake inaruhusu kuzichapa na kuzibadilisha. Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia hadithi nyingi za Kiswahili kuchapwa na kufika shuleni, kwa hiyo msisubiri kontena la vitabu vya Kiingereza kutoka ng'ambo. Na kamati ya shule iandike kwenye muhtasari wake kwamba mtoto hatozwi kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, wala mlezi wa maktaba hakatwi hela yake. Hofu ya kudaiwa ndiyo inayofunga makabati mengi. Kufuli ni matokeo.

Wenzetu wa upande wa pili wa ziwa wameshatangulia. Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, maktaba ya kijiji ilianza mwaka 1999, na wanafunzi wa sekondari wanaofanya kazi pale husaidiwa ada. Mwaka 2007 kikaundwa chama cha maktaba za jamii cha Uganda, na maktaba ndogo zilizokuwa kila moja peke yake zikapata wenzao wa kuwauliza na kuwatembelea. Hizo pia ni maktaba za vijijini, na nyingi hazina fedha za kujivunia.

Kwa upande wetu, umbali nao umepungua. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, na mwalimu wa Sengerema anayekuja Mwanza Jumamosi asubuhi hasubiri tena kivuko. Wa Ukerewe na Ukara bado wana maji mbele yao. Wafadhili, na wakurugenzi wa halmashauri mnaosaini hundi: fedha za ukumbi na chai za siku mbili zigeuzeni nauli za kukutana mwaka mzima, na wa visiwani walipwe kwanza.