Pakanga Mbili: Zifahamu Kabla ya Kuchemsha

Pakanga tunaijua tangu utoto. Ndiyo mmea ule mchungu unaotajwa katika Mithali na katika Ufunuo. Lakini ziko aina mbili, na mama wa Chunya anayetaka kuotesha pakanga inampasa kuzitofautisha.

Ya kwanza ni ya asili yetu, nayo wataalamu huiita Artemisia afra. Huota yenyewe kwenye miinuko yenye baridi. Ni kichaka cha kudumu, chenye majani ya kijivujivu na harufu kali. Huoteshwa kwa vipandikizi, na ukiikata huchipua tena. Wazee wetu waliitumia kwa mafua na kifua.

Ya pili, Artemisia annua, asili yake ni China. Huoteshwa kwa mbegu ndogo kama vumbi, hurefuka kumpita mtu, hutoa maua na kufa mwaka uleule.

Ukivuka milima ya Mbeya kuteremka Chunya, unaacha baridi na kuingia nchi ya joto na miombo. Mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Kwa hiyo pakanga ya asili iwekewe matandazo na kumwagiliwa, hasa mwaka wa kwanza. Ile ya China isiwe kitaluni mvua zinapoanza, bila kuifukia mbegu, maana huhitaji mwanga ili iote. Hii ina tatizo lake: mchana ukiwa mfupi huharakisha kutoa maua. Huku kwetu mchana haurefuki kama kule China, hivyo mbegu za kawaida huchanua kabla ya kupata majani mengi. Tafuta mbegu zilizochaguliwa kwa nchi za joto, na uvune kabla ya maua.

Tofauti kubwa zaidi ni hii: dawa ya malaria, artemisinini, hutoka katika ile ya China. Tu Youyou, mama wa watoto wawili, na wenzake waliipata huko China mwaka 1972, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati imetokana na kazi hiyo.

Je, tuchemshe majani tumpe mtoto mwenye homa? Hapana. Artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji, na kiasi chake hutofautiana mmea kwa mmea. Homa inaweza kutulia huku vijidudu vikibaki mwilini. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa tiba ya malaria. Mama mjamzito naye asiinywe.

Malaria inaweza kumzidi mtoto ndani ya siku moja. Mtoto akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Mungu ametupa majani, ametupa pia akili ya kupima. Tuvitumie vyote, kila kimoja mahali pake.